Nilivyompeleka Inspekta wa Multan kwa Mama Chao

Nilipokosa mazoezi ya kwaya kwa wiki nzima, wenzangu mlieneza habari za kila aina. Mmoja alisema nimeolewa na Mhindi. Mwingine alisema Baba amekamatwa na polisi, Baba ambaye mwenyewe alikuwa polisi tangu ujana mpaka kustaafu. Nimerudi, na kwa kuwa nikisimulia kwa mdomo hamniachi nimalize, haya someni.

Mgeni wetu hakuwa Mhindi. Ni Mpakistani, anaitwa Nazir, inspekta mstaafu kutoka mji wa Multan. Zamani yeye na Baba walitumwa pamoja katika ujumbe wa kulinda amani, kwenye nchi moja ya Afrika Magharibi iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka vitani. Huko walikuwa na rafiki wa tatu, Koplo Mwadime, mzaliwa wa Makwasinyi kule Kasigau. Baba alimaliza muda wake akarudi nyumbani. Mwadime alirudi baadaye, ndani ya jeneza lililofungwa. Miaka mingi ilipita bila habari. Kisha mwaka huu mpwa wa Nazir akamtafuta Baba mtandaoni, na Nazir akasema neno moja tu kwenye simu: anataka kumwona mke wa Mwadime kabla hajafa.

"Kabla nani hajafa?" nilimuuliza Baba.

"Sikumuuliza," akasema. "Sote watatu si vijana."

Voi

Treni ilichelewa, na Baba hakukubali kukaa. Alikuwa amevaa koti lake la kustaafia na viatu alivyovipiga rangi asubuhi mpaka vikawa kioo. Nazir aliposhuka, mrefu, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, wazee wale hawakukumbatiana kwanza. Walisimama wima wakapigiana saluti, abiria wanawazunguka na mizigo yao. Ndipo wakashikana mabega.

"Umezeeka, afande," akasema Nazir kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Na wewe umepungua. Kwenu hamli?"

Tulimlaza kwa jirani yetu Mama Zuhura, ili ale bila wasiwasi wa nyama imechinjwa na nani. Mama Zuhura alimpikia chapati na mchuzi wa kuku akamwambia, "Jisikie uko kwako, mwanangu," ingawa Nazir amemzidi umri. Nazir alitoa zawadi, mkebe wa halua ya kwao. Mama Zuhura alifurahi kusikia neno halua, akaitia mdomoni akitegemea ulaini wa halua ya Mombasa. Hii ilikuwa ngumu kama kigae. Akaitoa taratibu, akaitazama, akasema, "Alhamdulillahi, meno ninayo bado."

Mkutano wao wa maneno ulianzia hapo. Serikali kwao ni sarkar, askari ni askari, barafu ni baraf. Lakini kila mtu aliponiita "dada Wakio", Nazir aliinua kichwa kwa mshangao. Siku ya pili ndipo alipoeleza kwamba kwao dada ni babu, mzaa baba. Alikuwa anajiuliza kwa nini mji mzima unaniita babu.

Kabla ya kulala alitaka kuona tulikoishi zamani, line ya polisi. Tulisimama nje ya ua tu. Baba alimwonyesha kwa kidole pale palipokuwa na nyumba yetu ya mabati, chumba kimoja, familia mbili, katikati pazia. Nililala miaka yangu ya utoto nikisikiliza koplo wa upande wa pili akikoroma, na mkewe akimwambia geuka. Jumamosi line yote ilinuka rangi ya viatu na pasi ya makaa. Shuleni tuliitwa watoto wa karao, yaani wa polisi. Mwenzetu akipoteza kalamu, sisi ndio tuliopekuliwa kwanza, na baba zetu ndio waliokuwa wakipekua wengine! Sikuwahi kufikiri ningepakumbuka mahali pale kwa hamu, lakini nilisimama nikatamani kusikia mkoromo ule mara moja tu.

"Binti yangu," Nazir akasema kwa Kiingereza, "aliwaambia walimu wake kwamba mimi ni karani wa maji. Nilijua. Siku ya wazazi nilikwenda na nguo za kiraia, na mtu mmoja akaniuliza kwa nini mabomba ya mtaa wao ni makavu. Nikamwomba radhi."

Maungu hadi Makwasinyi

Tuliondoka asubuhi kwa gari langu dogo, Baba mbele, Nazir nyuma na mkebe wa pili wa halua mapajani. Hapo Maungu tuliacha lami, tukaingia vumbi jekundu, mlima Kasigau mbele yetu umejifunika wingu kichwani.

Nilimuuliza Nazir polisi wa kwao wakoje, nikidhani nitapata majibu ya sinema. Akacheka. Kituo chao, wanachokiita thana, kilikuwa na pikapu moja kwa vijiji ambavyo hakuwahi kuvimaliza vyote. Asubuhi wafungwa ndio waliosaidia kuisukuma iwake. Mafuta hayakutosha, basi mtu akija kulalamika kwamba ameibiwa, anaulizwa kwanza kama ana usafiri wa kumpeleka askari huko kwenye wizi. Wakati mwingine hata karatasi ya kuandikia malalamiko alikwenda kuinunua dukani mwenyewe.

"Kwa hiyo watu hawaji," akasema. "Aliyeibiwa kuku anaogopa akija atapoteza na mbuzi. Mwanamke hakanyagi thana, hata akipigwa. Mama anamtisha mtoto asiyelala: polisi anakuja. Na kweli wapo wenzangu waliokula rushwa mpaka wakajenga ghorofa. Lakini wapo pia waliolala juu ya meza za ofisi mwaka mzima, maana hakuna vitanda, na zamu haiishi."

"Na silaha?" Baba akauliza, macho yake yameanza kung'aa.

"Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa imemzidi baba yangu umri. Ilitengenezwa kwa ajili ya vita vya Wazungu. Ukifyatua, kwanza unasoma dua."

Wakacheka mpaka Baba akakohoa. Kisha wakaanza: unakumbuka lile gari jeupe tulilopewa misheni? Lenye redio! Lenye kiyoyozi! Walisema habari za gari lile kama watu wanaomkumbuka mchumba. Wote wawili hawakuwa wamewahi kupewa gari zima kabla ya hapo, na hawakupewa tena baadaye.

Gurudumu lilipasuka tukiwa hatujaona nyumba muda mrefu. Jeki ilizama kwenye mchanga. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka kuteka maji walitua ndoo, wakatutafutia jiwe bapa la kuwekea jeki, wakatucheka kidogo. Mmoja akauliza wazee hawa ni nani. Nikasema ni polisi wastaafu. Walijitwisha ndoo zao wakaondoka, na yule aliyekuwa anacheka hakugeuka nyuma. Nazir aliwatazama wakienda. "Hii sihitaji kutafsiriwa," akasema.

Makwasinyi tulimkuta Mzee Mwangeka, kaka yake Mwadime, anapukuchua mahindi uani. Baba alimsalimu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, "Kwawuka mana?" Akaitikia, lakini mikono yake haikuacha kazi. Baba alipojitambulisha, ndipo ilipoacha.

"Polisi tena," akasema. "Mara ya kwanza mlileta sanduku lililofungwa na karatasi inayosema ajali kazini. Ajali gani? Hamkusema. Sasa mmeleta nini?"

"Tumemleta mtu aliyekuwa naye," Baba akajibu. "Tunamtafuta shemeji yako."

"Mama Chao hayupo hapa. Alikwenda kwa dada yake Taveta, miaka mingi sasa. Angekaaje, watu wanamwimbia? Mwadime alikufa baa, akigombana amelewa. Kila mtu anajua. Kama angekufa vizuri, mngesema."

Nazir aliniuliza amesema nini. Nilisita. Baba akaniambia, "Mtafsirie yote, Wakio. Usipunguze."

Nikamtafsiria. Aliuweka chini mkebe wa halua. "Mji ule haukuwa na baa," akasema polepole. "Haukuwa hata na taa. Lakini hadithi yenyewe ni ya mke wake kwanza. Halafu yako."

Mwangeka hakumwamini, hilo lilionekana. Hata hivyo alitupeleka kaburini, kando ya shamba. Nazir alisimama hapo viganja wazi, akiomba kimya, na Baba akavua kofia. Tulipoingia garini, Mwangeka alileta mihogo ya kuchemsha imefungwa kwenye jani la mgomba, akanipa mimi kupitia dirishani. "Ni ya njiani," akasema. "Sikuwapa polisi. Nimempa mgeni."

Kizuizi cha Maktau

Tulilala kwetu Voi, tukaondoka tena kupitia Mwatate na Bura kuelekea Taveta. Karibu na Maktau ndovu walituzuia. Hawakuwa wengi, lakini mmoja, jike mwenye mtoto, aliamua kusimama katikati ya barabara akipunga masikio. Tukazima gari. Tukala mihogo. Nazir alimnong'oneza Baba kwamba hiki ndicho kizuizi cha kwanza maishani mwake ambacho hakuna anayeweza kukihonga.

Cha pili kilikuwa cha watu. Konstebo wa kike, kijana, kofia imemkaa vizuri, alinisimamisha. "Dada, leseni."

Nyuma nikasikia Nazir akicheka peke yake. Konstebo akainama atazame anayemcheka, akaona mzee wa ndevu nyekundu amekumbatia mkebe. "Kuna nini humo?"

"Halua," nikasema.

"Fungua."

Alipiga halua kwa ukucha ikalia ko ko ko. Uso wake ukabadilika, akaita mwenzake. Mwenzake akaigonga naye. Ilibidi Nazir avunje kipande, akile mbele yao, na sote tule, kabla hawajaamini kwamba si dawa za kulevya wala si sabuni. Hapo Baba, aliyekuwa ananyamaza kwa raha zake, akajitambulisha kwa cheo. Yule binti alikaza mgongo akapiga saluti, mdomo umejaa halua.

Tulikaa pale zaidi ya ilivyohitajika. Walitupa chai ya chupa. Binti yule alimuuliza Nazir, nikitafsiri, "Kwenu polisi wanapendwa?"

Nazir alifikiri. "Siku ya mazishi."

Akaeleza. Kaskazini-magharibi mwa nchi yao polisi wanakaa kwenye vibanda vya magunia ya mchanga, wanavamiwa kwa mabomu na bunduki. Wapo wanaouawa wakiwalinda akina mama wanaowatilia watoto matone ya chanjo ya polio. Alipelekwa huko kwa muda. Fulana za kuzuia risasi hazikutosha, basi anayemaliza zamu anavua yake na kumvisha anayeingia, bado imelowa jasho. "Unavaa joto la mwenzako," akasema. "Mmoja alinivisha yake asubuhi. Akauawa njiani akienda kulala. Mji mzima ulikuja kumzika, walirusha maua. Wiki ile ile, sokoni, mtu akatema mate nilipopita."

Binti yule aligusa fulana yake mwenyewe, nadhani bila kujua. "Mimi mama yangu hawaambii majirani nafanya kazi gani," akasema. "Anasema niko ofisini."

"Ofisi ya maji?" Nazir akauliza.

Hakuelewa kwa nini Baba na mimi tulicheka. Alituruhusu, na leseni yangu hakuiangalia kamwe.

Taveta

Taveta kulikuwa na joto na ndizi. Mikungu imelazwa kando ya barabara, bodaboda zinabeba mingine kuelekea na kutoka upande wa Holili, Tanzania, hujui nani anaingia nchi gani. Tukamuuliza kijana wa bodaboda kama anamjua Mama Chao wa Makwasinyi. Akasema sana. Alitupeleka mpaka kwa Mama Chao ambaye alikuwa bibi harusi wa juzi, amepakwa hina mpaka viwikoni, tena hajawahi kufika Makwasinyi. Alitulazimisha kula pilau iliyobaki ya harusi, na Nazir akala sahani mbili, akisema kwamba Mungu hakosei njia.

Mama Chao wetu tulimpata kwenye shamba lake la migomba, amesimama kwenye mfereji, maji yanampita vifundoni. Ni mwanamke mfupi, kitambaa kimebana kichwa. Nilimweleza sisi ni nani.

"Sina neno na polisi," akasema. Kisha akamwona Nazir, mgeni wa mbali, amesimama juani na viatu vyake vimezama tope. Akatoka mferejini. "Ingieni. Mgeni hasimamishwi nje."

Nyumba yake ni ya matofali, chumba cha mbele kina viti vitatu. Nazir hakukaa. Alianza kusimulia kwa Kiingereza, mimi nikitafsiri, na sikuwahi kupewa kazi nzito kuliko ile.

Baada ya Baba kurudi Kenya, Nazir na Mwadime walipelekwa mji mdogo kufundisha polisi wa pale. Polisi wale hawakuwa na kitu: kofia moja watu watatu, filimbi hakuna. Na wananchi waliwachukia, kwa sababu wakati wa vita watu waliovaa sare ile waliwatendea maovu. Nazir na Mwadime wenyewe hawakuruhusiwa silaha. Siku hiyo kijana mmoja aliletwa kituoni akituhumiwa kuiba jenereta ya soko. Umati ukamfuata umtoe ummalize. Polisi wa pale waliruka dirisha la nyuma wakakimbia. Nazir akabaki ndani na redio, akiita msaada, yule mtuhumiwa amelala sakafuni chini ya meza.

"Mwadime akatoka nje," Nazir akasema. "Mikono juu, anawatania. Alijua kuwachekesha watu. Wa mbele walianza kucheka. Wa nyuma hawakumsikia, wakarusha mawe. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Hakugeuka. Akapiga kelele neno moja kwa Kiswahili."

Hapo aliacha Kiingereza. Alimtazama Mama Chao.

"Nilisikia 'funga'. Neno hilo nililijua, yeye ndiye alinifundisha. Nikafunga. Nikaweka meza nyuma ya mlango. Msaada ulipofika kijana wa jenereta alikuwa mzima. Mwadime hapana. Baadaye Mkenya mwingine akanifundisha kwamba kuna funga, na kuna fungua. Mama, sauti ni moja! Kulikuwa na makelele. Tangu siku ile sijui nilisikia nini. Alitaka nifunge, au alitaka kuingia?"

Hapakuwa na cha kutafsiri. Baba alisimama akaenda dirishani akatupa mgongo. Nilisikia maji ya mfereji nje.

Mama Chao hakulia. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayehesabu, "Mlango ule ulifungukia wapi? Ndani au nje?"

"Ndani."

"Kama wangu huu. Mkono wake ulikuwa wapi?"

"Mmoja juu, kujikinga. Mwingine nyuma yake. Kwenye kitasa."

"Ulipoufunga, ulikuwa mzito?"

Nazir alifumba macho. Mkono wake uliinuka wenyewe, ukasukuma hewa. "Hapana," akasema. "Nilidhani nitaukuta mzito. Ulikwenda. Ulikwenda kabla yangu."

Mama Chao aliinuka. Alimsimamisha Nazir ndani ya mlango, yeye akatoka, akatugeuzia mgongo, akapeleka mkono nyuma mpaka kwenye kitasa. "Sukuma," akasema. Nazir akasukuma, yeye akavuta, na mlango ukafungika baina yao kwa sauti ndogo.

"Ni hivi?" tulimsikia akiuliza upande wa pili.

Nazir aliweka paji la uso kwenye mbao. "Ndivyo."

"Anayetaka kuingia anasukuma mlango, hauvuti. Alisema funga."

Hakuna aliyejaribu kuufungua. Tulikaa ndani, Baba dirishani akijifuta uso kwa kofia, Nazir amesimama vile vile. Mama Chao aliufungua mwenyewe alipokuwa tayari. Macho yalikuwa mekundu, kitambaa amekifunga upya.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumpigia simu Mzee Mwangeka, akaiweka simu mezani ili tumsikie sote, akamwambia Nazir aseme yote tena tangu mwanzo, na mimi nitafsiri. Mwangeka hakukatiza hata mara moja.

"Shemeji," mwishowe akasema, "mimi ndiye niliyelirudia lile neno la baa kuliko wote."

"Najua," akasema Mama Chao. "Jumapili watu wakitoka kanisani, lirudie na hili."

Kuondoka

Najua mtauliza, kwa hiyo nasema sasa: Nazir amekwisharudi Multan, alifika salama, na Baba hupigiana naye simu karibu kila siku, wanabishana habari za gari jeupe. Ila safari yangu mimi iliishia pale Taveta, tulipokuwa tumeingia garini na nimeshawasha gari.

Mama Chao alikuja dirishani kwa Nazir. Ilionekana kuna swali alilokuwa ameliweka muda wote, na sasa akaona ndege ya Nazir itaruka na jibu lake.

"Muulize," akaniambia. "Siku ile alikuwa amekula?"

Nikamuuliza. Nazir akasema ndiyo. Mwadime alikuwa amepika mwenyewe tangu asubuhi, akaunguza maharagwe mpaka sufuria ikatoboka, akamlazimisha Nazir ale, akaapa kwamba kwao Taita maharagwe hupikwa hivyo hivyo.

"Mwongo!" Mama Chao akapiga kelele, akaupiga mlango wa gari kwa kiganja. "Mwongo mkubwa yule! Hakuwahi kupika hata uji!"

Tulipofika barabarani nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa bado amesimama kati ya migomba yake, amejishika tumbo, anacheka.